Koo la Manju Shimba

Kiseke, Mwanza
5 Mei 2024

Mjomba Yakobo,

Shikamoo. Nakusalimia sana, wewe na Mama Muganyizi na watoto wote hapo Muleba. Sisi ni wazima. Mama anasema umesahau kwamba una dada Buswelu, ila alikuwa anacheka. Kuku wake wanaendelea, kideri kilipita kwa jirani kikamruka. Mimi bado niko kwa Mama Dorotea kwenye turubai na viti vya kukodisha. Misiba na harusi vimegongana mwezi huu, tunafungua huku tunafunga kule.

Nimeona nikuandikie karatasi maana kupiga simu haifai tena tangu ile homa ya uti wa mgongo ikuchukulie masikio. Na meseji nikiandika inaisha kabla sijafika nilipotaka. Shule niliishia darasa la nne, unajua mwenyewe, kwa hiyo mwandiko usinicheke. Barua nampa konda wa basi la Bukoba, ataiacha duka la dawa pale stendi yenu.

Nilichotaka kukwambia ni hiki. Wiki iliyopita tulisimamisha turubai Pasiansi, mtu anafungua baa yake. Wakasema kuna mwimbaji wa asili anakuja. Mimi nikadhani ni hawa vijana wa siku hizi. Niko juu ya ngazi nafunga kamba, naona mzee anashuka kwenye bajaji, koti la kijani, njuga kaziweka kwenye mfuko wa rambo. Mjomba, ni Shimba. Manju Shimba mwenyewe, yule uliyenibeba mabegani kwenda kumwona kule Kisesa.

Mimi ya siku ile sikumbuki vizuri. Nakumbuka vumbi. Nakumbuka nimeshika kichwa chako kimelowa jasho. Shimba amezeeka lakini mgongo umenyooka, na akitembea bado anatanguliza bega. Alipofunga njuga miguuni watu wa baa waligeuza viti. Alicheza vizuri sana. Mimi nilikaa nyuma ya spika mpaka mwisho, kumsalimia nilishindwa. Nikasema wa kwanza kumwambia awe wewe.

Msalimie Mama Muganyizi.

Mpwa wako,
Ngosha


Muleba
2 Juni 2024

Mpwa wangu Ngosha,

Marahaba. Barua ilikaa dukani mpaka yule binti wa dawa aliponiona napita akanirushia jiwe dogo mgongoni, maana kuniita haisaidii. Huku tunachuma kahawa. Muganyizi amepasua kiatu kipya akicheza mpira. Mama yake amejifunza kuongea na mimi kwa mikono, na akikasirika mikono inakuwa mingi. Mwambie dada Rose sijamsahau, ila ni yeye aliyesema nikioa Mhaya nitakula ndizi mpaka nisahau kwetu.

Wewe ukikaa na mtu inabidi akuguse aone kama uko hai. Kumbe kwenye karatasi una maneno. Endelea hivyo hivyo.

Sasa ya Kisesa nikukumbushe, maana ulikuwa mdogo na nusu ya ngoma ulilala. Manju walikuwa wawili, uwanja mmoja, kila mmoja na wachezaji wake, wanaanza kwa pamoja. Jaji hakuna. Watu wanahama wenyewe, na jioni atakayekuwa na watu wengi ndiye kashinda. Yule mwingine alileta mdoli wa mti, mrefu kuliko mtu, kavishwa suti. Ukivuta kamba anavua kofia, anasalimia. Watu walikimbilia kule wote. Shimba alibaki na sisi wachache, tungeenea kwenye turubai lako moja dogo.

Mtu mwingine angepaza sauti. Yeye alikaa chini kwenye vumbi, akaishusha. Akaimba kama anaongea na mtu aliye kitandani kwake. Ikabidi tusogee ndio tusikie. Wa nyuma yetu wakawa hawasikii, nao wakasogea. Wa nyuma yao hivyo hivyo. Jua linazama yule mdoli alikuwa anavulia kofia watoto.

Nakwambia haya kwa sababu. Masikio yalipokufa, nyimbo zilibaki ndani. Napalilia, zinaimba zenyewe, na Shimba ndiye alikuwa anatangulia. Lakini tangu mwaka jana wimbo ukianza unaanza kwa sauti ya mtu mwingine. Mara ya padri wetu, mara yangu mwenyewe. Maneno ninayo yote, yeye simpati. Mama Muganyizi nimemwambia akasema ni uzee. Mimi naona ni kama anaondoka mtu nyumbani.

Umeniambia koti, umeniambia bajaji, umeniambia na mfuko wa rambo. Sauti hukuniambia. Sauti yake ikoje sasa hivi?

Mjomba wako,
Yakobo


Kiseke
23 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Pole na kahawa. Mama anakusalimia, anasema la ndizi hakulisema yeye, alilisema bibi. Hapa vumbi limeanza. Turubai moja lilichanika kwa upepo kwenye kipaimara, Mama Dorotea akaniuliza nilifunga fundo gani, nikamwonyesha, akalivuta mwenyewe, halikulegea. Nimehamia chumba kingine hapa hapa Kiseke, kina dirisha.

Umeuliza sauti. Siku ile ilisikika mpaka stendi ya daladala. Mama mmoja anauza sato wa kukaanga aliacha wateja akaja kusimama mlangoni. Na Shimba hakukosea neno hata moja, mwanzo mpaka mwisho.

Baa yenyewe imepakwa rangi ya zambarau, sijui nani alimshauri. Nyama choma waliunguza.

Nimesikia ataimba tena tarehe 24 Agosti, Jumamosi, uwanjani Buswelu, karibu na kwa Mama. Ni ngoma za mavuno. Turubai ni letu.

Ngosha


Muleba
14 Julai 2024

Ngosha mpwa wangu,

Marahaba. Hapa hakuna mgonjwa. Kahawa imekauka vizuri, ndama wa pili kazaliwa jike.

Hakukosea neno hata moja. Hiyo sehemu nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Mtu wa umri ule. Nimemsomea na Mama Muganyizi, akasema kama mambo ndiyo hayo niende tu, maana naanza kumchosha.

Nakuja. Nitapanda meli ya Bukoba, nitalala kwa Rose. Nilifikiri hivi: kusikia sitasikia, hilo najua. Lakini nikimwona mdomo, nikimwona anavyofunga macho kabla ya ile sehemu ya chini, sauti itarudi mahali pake. Mimi mdomo wa mtu siku hizi nausoma kama wewe unavyosoma hii. Nataka nisimame mbele kabisa. Wewe mwenye turubai utanipatia nafasi.

Usimwambie dada bado. Atachinja kuku wote.

Yakobo


Kiseke
1 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima. Mimi mzima.

Nilitaka kusema kuhusu safari. Watu wa bandarini wanasema ziwa mwezi huu lina upepo sana, na wewe meli hukuizoea. Tena chumba cha wageni kwa Mama bati limetoboka. Na wanasema ngoma inaweza kuahirishwa. Mimi naona ungekaa tu, nikuandikie yote. Nitasimama karibu, nitaangalia kila kitu, nitakuandikia hata kurasa nyingi.

Sio kwamba sitaki uje.

Ngosha


Muleba
9 Agosti 2024

Ngosha,

Salamu zako nimepata. Tuko salama.

Umenipa upepo, bati na kuahirishwa. Mwezi wa nane watu wanavua dagaa kwa mitumbwi, mimi nitashindwa kukaa kwenye meli ya chuma? Bati la Rose nililipiga mimi, najua lilipotoboka. Na aliyeniuzia tiketi ana shemeji Buswelu, anasema ngoma ipo.

Hakuna sababu hata moja hapo iliyo yako. Yako umeiacha. Nitaisema mimi. Unaona aibu kusimama na kiziwi mbele ya watu wako wa kazi. Naongea kwa kelele, sijui sauti yangu inakwenda wapi, kanisani watoto wananicheka. Hilo nalijua. Ungesema tu. Mimi ndiye niliyekubeba, lakini sikukubeba ili unibebe.

Nakuja. Nitasimama upande wangu, wewe fanya kazi yako.

Yakobo


Kiseke
15 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Sio aibu. Ningekuwa naweza kukwambia ni nini ningekwambia.

Nitakuwa bandarini asubuhi, upande wa kutokea abiria. Nimeshaziba bati.

Mpwa wako,
Ngosha


Muleba
10 Septemba 2024

Mpwa wangu Ngosha,

Nimefika salama, samahani nimechelewa kuandika. Kuku wa Rose nilimla mpaka bandari ya Kemondo. Mama Muganyizi anashukuru kwa sangara. Watoto wanauliza kwa nini sasa hivi natembea nimeweka mkono kifuani, nikawaambia ni ubaridi wa meli.

Siku mbili pale kwenu hatukuongea jambo lenyewe. Wewe hukusema, mimi sikuuliza, Rose alidhani tumegombana. Sasa nasema.

Ulinivuta shati turudi nyuma, nikakataa. Nikasimama pale kwenye kamba. Shimba akaingia na koti lake, na njuga nilizipata miguuni kupitia ardhi, nikafurahi kama mtoto. Kisha akafungua mdomo. Nikatazama mdomo, maneno yalikuwa yenyewe. Nikatazama koo.

Ngosha, mtu anayeimba anavuta pumzi kwanza. Bega linapanda kidogo. Mishipa ya shingo inasimama, koo linatembea. Kwake vilikuwa vimelala vyote. Mdomo unafunguka na koo limetulia kama la mtu anayepiga miayo. Nikageuka kwenye ile meza ya spika, nikaona kijana ameshika simu anachezea, na flashi imechomekwa inawaka taa nyekundu. Nikajua wimbo unatoka pale. Yeye ameusimamia tu.

Ndipo nikaelewa sauti iliyofika stendi, na kwa nini hakukosea neno. Na nikaelewa kwa nini hukutaka nije. Maneno niliyokuandikia mwezi wa nane yafute. Uliogopa nisije nikapoteza na hicho kidogo cha Shimba kilichobaki ndani. Nimekosa mimi.

Nilitaka kuondoka. Halafu nikasema hapana, nimevuka maji. Ngoma ilipokwisha nikazunguka nyuma ya turubai mnapopanga viti, na wewe ukanikimbilia. Alikuwa amekaa, anakunywa maji ya moto kwenye kikombe cha bati. Nilichomwambia ulikisikia, na najua nilisema kwa kelele maana wanawake wa jikoni waligeuka. Nilimwambia, "Manju, wewe huimbi."

Akakuangalia wewe. Wewe ukaangalia chini. Nikamwonyesha masikio yangu, nikafanya hivi kwa mkono, kwamba yamekufa. Alinikazia macho. Halafu akacheka mpaka nikaona pengo. Akasema kitu, akarudia polepole nikausoma mdomo wake: "Hata kidogo?" Nikamwambia hata radi.

Akaweka kikombe chini. Akavua koti. Akaushika mkono wangu akauweka kifuani kwake, na bega likapanda.

Mkononi sauti ilinijia kama mchanga unapitishwa kwenye chekecheke. Inakwama, inaachia, inakwama tena. Nilifumba macho. Sijui aliimba muda gani, sijui hata alimaliza wakati gani.

Tangu nirudi, nikipalilia wimbo unaanza. Padri hayupo. Mimi sipo. Lakini unaanza kwa kukwaruza, una mikwamo ambayo Kisesa haikuwepo. Sijui kama ni yeye, au ni masikio yangu yanaoza kwa namna nyingine. Wa kuniambia ni mmoja. Mwanzoni nilifumbua macho mara moja tu nikakuona umeinamisha kichwa, na yule kijana wa spika alikuwa ameondoka.

Niambie ulichosikia. Usiniambie ilifika wapi.

Mjomba wako,
Yakobo


Kiseke
29 Septemba 2024

Mjomba Yakobo,

Shikamoo. Nashukuru umefika. Mama anasema shuka ulilolalia hajalifua, anasema lina harufu ya moshi wa kwao, mimi nimemwacha. Mvua za kwanza zimenyesha, bati halivuji. Barua yako nimekaa nayo, naanza kujibu nasimama. Leo Jumapili hatuna kazi, nimefunga mlango.

Nilichosikia ni hiki.

Sauti yake imeharibika. Sisemi imezeeka, imeharibika. Unajua kiti cha plastiki ukikiburuta kwenye sakafu ya saruji. Ndivyo ilivyoanza. Sehemu za juu hakuna kitu, ni upepo tu unatoka, mdomo umefunguka na upepo. Yule kijana wa spika alisikiliza kidogo, akaniambia, "Oya, mwambie mzee apumzike, anajiumiza." Akachukua nyaya zake akaenda. Na mimi mjomba nitasema ukweli, mwanzoni nilitamani wewe utoe mkono ili aache. Niliinama kwa sababu hiyo. Niliona huruma, sikujua ni ya nani kati yenu.

Lakini hakuacha. Akifika pale sauti inapokataa, hapiti pembeni. Anasimama, anameza, anarudi palepale anaisukuma mpaka kitu kitoke, hata kama ni kidogo. Neno moja aliliendea mara tatu. Kwenye flashi wimbo ni mfupi, nimeushika kwa kusikia. Ila pale nyuma aliimba beti ambazo sijawahi kuzisikia. Kuna ya ng'ombe aliyevuka mto peke yake. Kuna ya mama yake. Mimi nilidhani wimbo naujua, kumbe najua kipande cha mbele.

Kisha alishusha. Mjomba, sehemu ya chini anayo. Imekwaruzika, lakini anayo. Wale wanawake walikuwa wanaosha masufuria, nikaona mmoja amemshika mwenzake mkono kwamba aache kusugua. Wakasogea. Na mimi nikasogea, nilikuwa sisikii vizuri.

Akanigeukia bila kukata, akaniuliza palepale ndani ya wimbo huyu anaitwa nani. Unanijua mimi na kuongea. Nikasema, "Yakobo, katoka Muleba, kavuka maji." Nilisema kwa nguvu mpaka nikajishangaa. Akakuweka ndani ya wimbo. Akasema Yakobo amevuka maji kuja kumwuliza mtu habari za koo lake. Wale mama walicheka, wewe hukuwaona, macho ulikuwa umefumba.

Kwa hiyo unachosikia ukipalilia, ile mikwamo, ipo. Ndivyo alivyo. Masikio yako hayajaoza zaidi ya hapo. Ulichoshika ni chenyewe, na mimi niliyesikia sina kilichozidi hicho.

Umesema hukujua alimaliza wakati gani. Nitakwambia. Alimaliza, akafunga mdomo. Alikuwa amechoka sana, anahema, kifua kinapanda kinashuka, na wewe mkono upo palepale, macho umefumba, unatikisa kichwa kidogo kidogo. Tukajua sote kwamba wewe unadhani bado anaimba. Shimba akaniangalia, akaninong'oneza, "Nimwambie?"

Nikamwambia asubiri.

Akanyoosha mgongo, akakaa vile vile, akaendelea kuhema.

Mpwa wako,
Ngosha